Abebe Bikila: Ajali haiishi siku ya kuruhusiwa hospitali

Msomaji wangu, kama unaishi Mbagala, Tandika, Mwananyamala au Tegeta, huenda mtaani kwako yupo mtu aliyepata ajali ya bodaboda au daladala, akalazwa, akaruhusiwa, na majirani wakasema amepona. Kabla hujasema hivyo, fuatilia maisha ya Abebe Bikila.

Bikila alizaliwa Agosti 7, 1932 huko Ethiopia, akawa askari katika kikosi cha ulinzi cha Mfalme Haile Selassie. Septemba 10, 1960 alikimbia peku katika barabara za Roma na kushinda marathoni ya Olimpiki kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mwaka 1964 alishinda tena jijini Tokyo, wiki chache tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Alikuwa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Usiku wa Machi 22, 1969, gari alilokuwa akiendesha lilipata ajali kaskazini mwa Addis Ababa. Alinaswa ndani mpaka asubuhi. Uti wa mgongo ulijeruhiwa, naye akapooza miguu na mikono.

Alipelekwa Uingereza, Hospitali ya Stoke Mandeville, akakaa huko miezi minane. Hospitali hiyo ilijengewa sifa na Dk. Ludwig Guttmann, aliyeanza kuhudumia waliojeruhiwa uti wa mgongo mwaka 1944, enzi ambayo wengi wao walifariki mapema kwa vidonda na maambukizi. Tiba yake ilikuwa ya kawaida kabisa: kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, kutunza kibofu, mazoezi na michezo. Siku nane baada ya Bikila kushinda Roma mwaka 1960, wanamichezo wenye ulemavu walianza kushindana katika jiji hilohilo, katika michezo inayohesabiwa leo kuwa Paralimpiki ya kwanza.

Mikono ya Bikila ilipata nguvu tena, lakini miguu haikuinuka. Mwaka 1970 alishiriki kurusha mishale na kucheza tenisi ya meza akiwa kwenye kiti mwendo. Mwaka 1972 alialikwa kwenye Olimpiki ya Munich kama mgeni wa heshima.

Oktoba 25, 1973 alifariki dunia kwa kuvuja damu kwenye ubongo, tatizo lililohusishwa na majeraha ya ajali ile. Ilikuwa imepita miaka minne na nusu. Alikuwa na miaka 41.

Msomaji, uti wa mgongo ukiumia, si miguu tu inayoathirika. Mtu hahisi ngozi ikiminywa, hivyo hupata vidonda vya kulalia. Mkojo hautoki vizuri, hivyo maambukizi hupanda hadi kwenye figo. Damu huweza kuganda miguuni. Na aliyeumia shingo au sehemu ya juu ya mgongo anaweza kupandwa na shinikizo la damu ghafla kwa sababu tu kibofu kimejaa au hajapata choo. Shinikizo hilo likiachwa linaweza kupasua mshipa kichwani.

Kwa hiyo, kama unamuuguza ndugu nyumbani, mgeuze kila baada ya saa mbili, hata usiku. Akikaa kwenye kiti mwendo, ajiinue au ainuliwe mara kwa mara. Kagua makalio, visigino na nyonga kila siku. Wekundu usiopotea ni dalili ya kidonda kinachokuja. Akilalamika kichwa kinamgonga ghafla huku uso ukitoka jasho, mkalishe wima, legeza nguo, angalia kama mpira wa mkojo umejikunja au umeziba, kisha mkimbize hospitali.

Usiache kliniki kwa sababu kidonda cha upasuaji kimekauka. Hospitali ya Temeke au Mwananyamala inaweza kukuandikia rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI).

Na ukikuta ajali barabarani, usimkunje majeruhi ndani ya bajaji. Kama hakuna moto wala hatari nyingine, mwacheni alale, shikeni kichwa kisitikisike, na akiinuliwa ainuliwe na watu kadhaa kwa pamoja juu ya ubao, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka.