Simeoni Nsibambi: Mlokole aliyeamini kuwa toba hulindwa na wenzi

Mnamo Septemba 1929, watu wawili walikutana katika kilima cha Namirembe mjini Kampala. Mmoja alikuwa Joe Church, daktari mmishenari kutoka Uingereza aliyehudumu Gahini nchini Rwanda. Mwingine alikuwa Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye ardhi na afisa wa afya katika serikali ya ufalme wa Buganda. Kwa siku mbili walisoma Biblia na kuomba pamoja. Baada ya hapo Nsibambi aliacha kazi yake yenye heshima, akaanza kuhubiri.

Nsibambi alizaliwa mwaka 1897. Katika Buganda ya zama zake, pombe ya ndizi haikuwa kinywaji tu: ilimkaribisha mgeni, ilikamilisha posa na ilisindikiza matanga. Aliyeiacha alijitenga na meza ya jamaa zake, na upweke huo ungeweza kumrudisha kwenye kibuyu upesi kuliko kiu yenyewe.

Vuguvugu la uamsho aliloliasisi pamoja na wenzake lilijaza pengo hilo. Wafuasi wake, Balokole, yaani waliookoka, walikutana mara kwa mara katika vikundi vya ushirika. Kila mmoja alikiri waziwazi alikoteleza, iwe ni ulevi, wizi au chuki, na wenzake wakamwombea na kumkumbatia. Kuokoka hakukuwa tukio la siku moja. Kulihitaji kusemwa upya, mbele ya watu wanaomfahamu msemaji.

Mwaka 1935, huko Akron nchini Marekani, walevi wawili, Bill Wilson na daktari Bob Smith, walianzisha chama cha Alcoholics Anonymous. Nao waligundua kwamba mlevi husaidiwa na mlevi mwenzake anayesema kweli. Tofauti ni kwamba wao walificha majina yao, ilhali Balokole walitubu hadharani.

Uwazi huo ulikuwa na gharama. Viongozi wa kanisa waliwaona Balokole kuwa wakaidi na wenye kuhukumu wengine. Mwaka 1941, wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, akiwemo William Nagenda, shemeji yake Nsibambi. Mdogo wake, Blasio Kigozi, nguzo nyingine ya uamsho, alikwishafariki mwaka 1936.

Kuanzia miaka ya 1940, maradhi yalimzuia Nsibambi kusafiri. Mhubiri huyo akabaki nyumbani, lakini ushirika ukamfuata: watu walibisha hodi kwake kutafuta ushauri, maombi na sikio la kuwasikiliza. Hali hiyo iliendelea hadi alipofariki mwaka 1978. Mwanawe, Apolo Nsibambi, baadaye alikuwa waziri mkuu wa Uganda kuanzia 1999 hadi 2011.

Leo neno mlokole linafahamika kote Afrika Mashariki, wakati mwingine likitamkwa kwa dhihaka. Hata hivyo, kwa aliyeacha pombe na kuogopa jioni ya leo, fundisho la Namirembe lingali hai: ahadi ya mtu peke yake ni dhaifu, na huimarika anapopata wa kumweleza ukweli.