Kapteni Johannes na Boma la Arusha

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi vijana mnaoyakalia madawati yetu hivi sasa: wale tuliofanya historia ya mtihani wa Cambridge bado tunamkumbuka Mfalme William wa Normandy. Tulijua kwa moyo kwamba alivuka bahari mwaka 1066. Tulijua pia kuwa watu wa kaskazini ya Uingereza walipokataa kutii, alijenga ngome mbili mjini York kati ya 1068 na 1069, kisha katika baridi ya 1069 kuingia 1070 akachoma vijiji na maghala ya nafaka mpaka nchi nzima ikafa njaa. Haya tuliyaandika vizuri na wengine tukapata alama za juu. Lakini kila Jumamosi ya ruhusa, tuliposhuka mjini kununua sabuni na kuangalia watu, tulipita mbele ya kuta nyeupe za Boma la Arusha bila kumwuliza mtu ni nani aliyelijenga na kwa nini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuoa ndipo nikafahamu kuwa mlima wetu ulikuwa na William wake. Aliitwa Kurt Johannes, na alikuwa kapteni wa jeshi la Kijerumani.

Utoto wake nauacha huko huko kwao. Kwetu sisi maisha yake yanaanza mwezi Agosti 1893, pale Moshi ya Kale. Mwaka mmoja kabla, yaani Juni 1892, Mangi Meli, mwana wa Rindi, alikuwa amewashinda Wajerumani vitani na kumwua afisa wao, von Bülow. Wajerumani waliondoka mlimani kwa aibu. Waliporudi walikuja na Kanali von Schele, wakiwa na mizinga na askari wengi, na safari hii Meli alishindwa. Kanali akarudi pwani. Aliyeachwa kuulinda ushindi ni Johannes.

Hapo ndipo penye jambo la kufikiriwa. Kushinda vita vya siku moja ukiwa na mizinga si kazi kubwa. Kazi ni kesho yake, na mwaka unaofuata, wakati mizinga imekwisha kurudi Dar es Salaam na wewe umebaki na Wazungu wachache na kampuni ya askari, kati ya watu maelfu kwa maelfu wenye mikuki, wanaoijua kila njia ya mgombani. Johannes alikaa mlimani miaka mingi katika hali hiyo, na hawakumtoa.

Alifanyaje? Kwanza, hakuuvunja umangi. Meli alimwacha kitini, akajenga kituo chake papo hapo Moshi kwa nguvu za watu wa Meli mwenyewe, ili mangi akiamka asubuhi aione bendera. Pili, alizitazama fitina za wakubwa wa mlimani akazitumia. Moshi na Kibosho walikuwa mahasimu tangu enzi ya Rindi na Sina. Mwaka 1891 Wajerumani walikuwa wamekwisha kumpiga Sina huku Rindi akiwa upande wao. Naye Marealle wa Marangu, mtu mwerevu kupita kiasi, aliona mapema kwamba urafiki na boma ungemfikisha mbali kuliko mikuki yake. Johannes alimsikiliza sana Marealle. Mimi nadhani alimsikiliza kupita kiasi, na watu wengi walikuja kulipa kwa hilo.

Basi tuje kwetu Meru. Katika miaka ile mlima wetu haukuwa chini ya mtu. Waarusha walikuwa upande wa magharibi na kusini, wakulima wasemao Kimaasai. Wameru walikuwa mashariki yao, na mangi wao, lugha yao ikiwa jamaa ya Kichagga. Walikuwa wakipigana, wakioana, na vijana wao wa rika la Talala wakienda vitani pamoja. Mapema katika miaka ya 1890 sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe wa Afrika Mashariki, na ndui na njaa vikafuata. Kwa hiyo watu hawa walikuwa wametoka katika msiba, wanajaribu kujaza tena mazizi yao, na kusikia kuwa Mzungu wa Moshi anakuja kukaa kwao hakukuwafurahisha hata kidogo.

Oktoba 1896 Johannes alikuja na askari wake. Wakati ule ule walifika wamisionari wawili vijana wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, wakitafuta mahali pa kujenga, wakapiga hema Akeri. Mangi Matunda wa Meru hakuwafukuza. Lakini morani wa Talala hawakuona tofauti kati ya Mzungu mwenye kitabu na Mzungu mwenye bunduki, hasa walipokuja katika siku zile zile. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba waliishambulia kambi ya Akeri, wakawaua wamisionari wote wawili pamoja na baadhi ya Wachagga waliofuatana nao. Walishambulia pia kambi ya Johannes, iliyokuwa si mbali. Huko bunduki ziliwarudisha.

Johannes alirudi Moshi, kisha akaja tena kabla damu haijakauka. Askari wake hawakuwa wengi, lakini nyuma yao walikuja Wachagga kwa maelfu, waliotazamia nyara. Tafadhali ndugu, angalieni jambo hili vizuri. Milima yetu miwili inatazamana, na asubuhi isiyo na mawingu mtu wa Meru huiona theluji ya Kilimanjaro akiwa mlangoni pake. Mlima mmoja ndio uliotumwa kuupiga mwingine.

Hawakupiga watu tu. Nyumba zilichomwa, ng'ombe na mbuzi wakaswagwa kwenda Moshi, na migomba ikakatwa. Kijana wa mjini asiyeijua migomba anaweza kulipita neno hili haraka. Mgomba uliokatwa unachipua tena, ni kweli, lakini mwenye shamba atangoja zaidi ya mwaka kabla ya kuona mkungu, na katika muda huo watoto wanakula nini? Aliyekata migomba alijua anachokifanya, kama yule aliyechoma maghala ya York. Katika mapigano ya Meru mamia waliuawa, wanawake na watoto walichukuliwa, na majeshi yalirudi tena baadaye kumalizia yaliyosalia. Utawala wa Matunda ukakoma mwaka ule ule, akafuata Mangi Lobulu.

Hata hivyo mlima ulikuwa haujashikika. Kuchoma ni kwa siku chache, halafu moshi unatawanyika na watu wanarudi kupanda. Johannes alilijua hilo. Mwaka 1898 kodi ya nyumba ilianza kutozwa katika koloni zima, nayo ilidaiwa kwa rupia, mahali ambapo watu hawakuwa na rupia. Asiyekuwa na fedha alilipa kwa mgongo wake. Kwa migongo hiyo barabara zilikatwa, na kwa migongo hiyo, kati ya 1899 na 1900, Boma la Arusha likajengwa. Waarusha na Wameru ndio waliobeba mawe, wakasimamisha kuta ambazo bunduki za kuwalinda wao wenyewe zingewekwa ndani yake. Morani wa Talala, aliyelelewa akijua kwamba kazi yake ni mkuki na ng'ombe, alipewa jiwe abebe mbele ya wanawake wa kwao. Sidhani kama kapteni alihitaji kuwaeleza maana yake.

Boma lilikuwa bado jipya lilipotokea jambo ambalo jina la Johannes haliwezi kutenganishwa nalo. Ilisemwa kuwa wakubwa wa Kilimanjaro na Meru walikuwa wamepatana kwa siri kuwafukuza Wajerumani. Kama njama hiyo ilikuwapo kweli, au kama ilitungwa na wenye kutaka nchi za wenzao, watu wamebishana mpaka leo. Wazee wengi wa Uchaggani humtaja Marealle. Johannes aliamini, au aliona inafaa kuamini. Tarehe 2 Machi 1900, Moshi ya Kale, watu 19 walinyongwa mbele ya umati. Meli wa Moshi alikuwamo. Molelia wa Kibosho, mwana wa Sina, alikuwamo. Lobulu wa Meru na Marai wa Arusha walikuwamo. Wana wa mahasimu wa zamani, Rindi na Sina, waliishia kwenye kamba za siku moja, na wakubwa wa mlima wetu wakafa pamoja na wakubwa wa mlima uliokuja kuwapiga miaka minne nyuma.

Baada ya siku ile boma ndilo lililoamua nani awe mangi. Pale Meru waliwekwa watu wasiodumu, mpaka Sambegye aliposhika mwaka 1902, akakaa mpaka 1925. Mkubwa wa namna hii alikuwa na kazi ngumu: kukusanya kodi na vibarua kwa ajili ya boma, na usiku kusikiliza manung'uniko ya wale wale aliowakusanya. Misheni ilirudi, safari hii bila kupigwa mkuki, ikajenga Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904. Kisha wakaja Makaburu kutoka Afrika Kusini, tangu 1904, wakapewa ardhi chini ya mlima. Mashamba ya walowezi yakawa mkanda uliokata njia kati ya mgomba wa juu na malisho ya tambarare. Mkanda huo ulidumu kuliko Wajerumani wenyewe. Kina Kirilo Japhet walikuwa wakipigana nao bado mwaka 1952, walipopeleka Umoja wa Mataifa madai ya Wameru waliofukuzwa Engare Nanyuki mwaka uliotangulia. Lakini hicho ni kisa kingine, na kinastahili ukurasa wake.

Johannes hakuishia kwetu. Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905, alikuwa amepanda cheo na kuwa meja, na serikali ikamchagua aongoze majeshi ya kwenda Ungoni. Alifika Songea mwishoni mwa Novemba. Nani asingemchagua? Alikuwa amekwisha kuonyesha Meru jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Huko kusini jeshi lilichoma vijiji na kunyang'anya au kuharibu chakula mpaka njaa ikafanya kile ambacho risasi hazikukimaliza. Tarehe 27 Februari 1906, siku chache tu kabla ya kutimia miaka sita tangu mauaji ya Moshi, Wangoni 67 walinyongwa Songea, na Nduna Songea Mbano akafuata baadaye kidogo. Waliokufa katika vita vile na katika njaa yake, Wajerumani waliwakadiria 75,000. Wataalamu wa baadaye wamefika hata 300,000.

Pale Songea makaburi yapo, na kila Februari watu hukusanyika. Kwetu ilichukua muda zaidi. Sanamu ya Meli ilizinduliwa Moshi ya Kale tarehe 2 Machi 2019, pale alipouawa. Mafuvu ya watu kutoka milima hii yalikuwa yamepelekwa Berlin wakati wa ukoloni, na mwaka 2023 makumbusho ya huko yalitangaza kuwa vipimo vya vinasaba vimewakuta jamaa hai wa baadhi yao hapa Tanzania.

Boma la Arusha nalo liko pale pale. Sasa ni makumbusho ya viumbe na mambo ya asili, na watoto wa shule huingizwa kuangalia wadudu na mafuvu ya watu wa kale sana. Nilipokwenda mara ya mwisho, mwalimu mmoja kijana alikuwa amewapanga wanafunzi wake kivulini karibu na ukuta wakingoja tiketi, na mtoto mmoja alikuwa akiugonga ukuta kwa kidole apime unene wake.