Adolf Engler na mti wa mlimani

Hapa Minova kila mtoto anaujua mti wa avoka. Wachache kati yetu wanajua kwamba avoka ina ndugu wa mlimani, mti mrefu wenye majani yanayonukia kafuri ukiyasugua mkononi. Watu wa milima ya Usambara, Tanzania, wanauita mkulo. Unaota pia katika misitu ya juu ya mashariki ya Congo. Leo tunakumbuka maisha ya mtu aliyeuingiza katika vitabu vya wataalamu.

Adolf Engler alizaliwa tarehe 25 Machi 1844 katika mji wa Sagan, ambao leo uko Poland. Alisomea mimea katika chuo kikuu cha Breslau, akapata udaktari mwaka 1866. Alifundisha shule kwa miaka michache, kisha akarudi kwenye mimea. Mwaka 1889 akawa mkuu wa bustani ya mimea ya Berlin.

Wakati huo Wajerumani walitawala bara la Tanzania ya leo, na mizigo ya majani makavu ilifika Berlin kutoka huko. Kutambua mti mpya ni kazi ya uvumilivu. Maua ya jamii hii ni madogo sana. Vifuko vya chavua hufunguka kwa vifuniko vidogo kama vidirisha, na tunda hukaa ndani ya kikombe. Ni lazima kuulinganisha na ndugu zake waliokwisha kuandikwa, ndipo mtu aseme kwamba huu bado haujaandikwa. Mwaka 1894 Engler aliuita Ocotea usambarensis. Aliupa jina la milima yake, si la mkubwa fulani.

Wakati huo hakuwa amekanyaga Usambara. Alifika huko mwaka 1902, akiwa na miaka 58. Baadaye Johannes Mildbraed, mtaalamu mwingine wa Berlin, alipita Rwanda na ziwa letu la Kivu katika safari ya 1907 na 1908, akikusanya mimea.

Engler alifariki tarehe 10 Oktoba 1930, akazikwa ndani ya bustani aliyoitunza. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu yaliiunguza nyumba ya majani makavu, na sehemu kubwa ya hazina ile ikawa majivu. Lakini majina hayakupotea. Maelezo yalikuwa yamechapishwa, na nakala za majani mengi zilikuwa zimetumwa nchi nyingine.

Tusisahau kwamba Wasambaa waliujua mkulo kabla ya Engler. Sisi pia tuna wazee wanaojua miti ya milima yetu kwa majina ya Kihavu: upi ni dawa, upi ni mbao, upi usikatwe. Elimu hiyo imo kichwani mwa mzee mmoja, bila nakala. Vita vimetuonyesha jinsi nyumba inavyoungua kwa usiku mmoja, na shoka la makala halingojei.

Kwa hiyo tunawaomba vijana wa makanisa yetu: chukueni daftari, mwende kwa wazee, mwandike jina la kila mti na kazi yake. Kisha mwandike nakala ya pili, mwiweke katika nyumba nyingine. Adamu alipewa kazi ya kutaja majina ya viumbe. Sisi tusiache majina hayo yafe mikononi mwetu.