Kennedy: Rais aliyeficha maumivu ya mgongo

JINA la John F. Kennedy si geni nchini Kenya. Mnamo 1960, wakfu wa familia yake ulitoa Dola 100,000 za Marekani baada ya Tom Mboya kumwendea kuomba msaada wa kuwasafirisha wanafunzi wa Afrika Mashariki kwenda kusoma nchini humo. Wasichokijua wengi ni kwamba mwanasiasa huyo, aliyesifika kwa ujana na ukakamavu, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akipambana na maumivu ya kiuno.

Kennedy alizaliwa Mei 29, 1917, mjini Brookline, jimbo la Massachusetts. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kuuguaugua, na mgongo ulianza kumsumbua angali mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard. Jeshi la nchi kavu lilimkataa mwaka wa 1941 kwa sababu ya mgongo huo. Alifaulu kuingia katika jeshi la majini kupitia ushawishi wa babake.

Usiku wa kuamkia Agosti 2, 1943, manowari ya Japani iliigonga mashua yake ya kivita, PT-109, karibu na Visiwa vya Solomon na kuikata vipande viwili. Wanajeshi wawili walifariki. Kennedy aliogelea takriban kilomita tano akimvuta mwenzake aliyeungua moto, ukanda wa jaketi la kujiokolea la majeruhi huyo akiwa ameuuma kwa meno.

Mwaka uliofuata alipasuliwa mgongo kwa mara ya kwanza, lakini hakupata nafuu ya kudumu. Mnamo 1947 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Addison, ambao huathiri tezi zilizo juu ya figo na kumfanya mgonjwa awe katika hatari kubwa anapofanyiwa upasuaji.

Licha ya hatari hiyo, alikubali kupasuliwa tena mjini New York mnamo Oktoba 1954, akatiwa chuma cha kuunganisha mifupa ya kiuno. Kidonda kiliingiwa na viini, akapoteza fahamu, na kasisi akaitwa kumpa sakramenti ya wagonjwa. Chuma hicho kilitolewa mapema 1955. Mnamo 1957 alipasuliwa kwa mara ya nne ili kuondoa usaha mgongoni.

Daktari Janet Travell, aliyeanza kumtibu mwaka wa 1955, alimdunga sindano za ganzi kwenye misuli, akamwekea kisigino cha kuinua mguu mmoja uliokuwa mfupi kidogo, na kumshauri atumie kiti cha kubembea. Kiti hicho kilipata umaarufu duniani, ingawa watu wachache tu walifahamu kwamba kilikuwa sehemu ya tiba.

Kennedy alipoapishwa kuwa Rais Januari 1961, umma haukuelezwa ukubwa wa maradhi yake. Mwezi wa Mei mwaka huo aliumia tena akipanda mti mjini Ottawa, Canada. Faraghani alitembea kwa mikongojo. Mbele ya kamera aliiweka kando. Sindano nazo zikaongezeka.

Mabadiliko yalikuja mnamo Oktoba 1961, alipoletewa Daktari Hans Kraus. Mtaalamu huyo aligundua kuwa misuli ya Rais ilikuwa imedhoofika na kukakamaa, akamwanzishia mazoezi mara tatu kwa wiki. Hakukuwa na kisu wala chuma. Baada ya miezi michache, Kennedy aliweza kusogea kwa wepesi kuliko alivyoweza kwa miaka mingi.

Hata hivyo, hakuachana kabisa na mshipi mgumu wa kushikilia kiuno. Alikuwa ameuvaa alipopigwa risasi mjini Dallas mnamo Novemba 22, 1963. Baadhi ya madaktari wamedai kwamba mshipi huo ulimzuia kuinama baada ya risasi ya kwanza kumpata, hivyo kichwa chake kikabaki wazi kwa risasi iliyomuua. Alikuwa na umri wa miaka 46.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka wa 2020. Katika mwongozo wake wa 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno yasiyo na chanzo mahususi, shirika hilo lilipendekeza mazoezi na elimu kwa mgonjwa, na kushauri dhidi ya matumizi ya mishipi ya kiuno kama tiba ya kawaida.

Lakini mwenye maumivu ya kiuno yanayoandamana na miguu kuishiwa nguvu, ganzi katikati ya mapaja, homa, au kushindwa kuzuia haja, hapaswi kungojea mazoezi. Huyo awahi hospitalini mara moja.