Blaise Pascal, kijana aliyemtengenezea baba yake mashini ya hesabu

Mitihani ya Serikali inapokaribia, wazazi wengi wa Bukavu huulizwa na watoto swali moja: niingie na mashini gani kwenye hesabu? Simu haina mjadala, imekatazwa katika Exetat na kila mtu anajua. Mashini ya kuhesabu ndiyo inayoleta maneno, na si kwetu tu. Nchini Kenya, mtihani wa KCSE unaruhusu mashini isiyo na programu na isiyotoa sauti, isipokuwa pale swali linaposema vingine. Tanzania, kwa miaka mingi, mtihani wa hesabu wa kidato cha nne umeikataza kabisa. Mwanafunzi anaingia na kitabu cha majedwali tu. Ufaransa, mashini yenye kumbukumbu lazima iwekwe katika hali ya mtihani, taa yake ndogo ikiwaka ili msimamizi aone kwamba yaliyohifadhiwa ndani hayafikiki.

Ugomvi huu wote una mwanzo wake kwa kijana mmoja wa miaka 18 ambaye jina lake limejaa katika mitaa yetu. Kuna akina Pascal wengi Kadutu, Ibanda na Bagira. Wachache wamesimuliwa habari za huyu wa hesabu.

Blaise Pascal alizaliwa tarehe 19 Juni 1623 huko Clermont, mji wa milimani katikati ya Ufaransa. Mama yake, Antoinette Begon, alifariki mtoto akiwa na miaka 3. Baba, Étienne Pascal, alikuwa hakimu wa mambo ya kodi na mpenzi mkubwa wa hesabu. Hakuoa tena. Mwaka 1631 alihamia Paris na watoto wake watatu, Gilberte, Blaise na Jacqueline, akawafundisha mwenyewe nyumbani. Blaise hakuwahi kukaa katika darasa la shule.

Étienne alikuwa na kanuni yake: mtoto aanze na lugha, Kilatini na Kigiriki, na hesabu zingoje mpaka akomae. Vitabu vya hesabu alivifungia. Aliogopa kwamba kijana akizionja mapema ataacha mengine yote. Basi mtoto akachukua makala, akaanza kuchora sakafuni. Hakujua hata majina ya vitu alivyochora. Mstari aliuita fimbo, na duara akalipa jina lake mwenyewe. Akiwa na miaka 12, baba alimkuta ameshafikia kwamba pembe tatu za pembetatu, zikijumlishwa, ni sawa na pembe mraba mbili, yaani digrii 180. Étienne alitoka machozi yakimlengalenga, akaenda kumweleza rafiki yake, kisha akampa mtoto kitabu cha Euclid. Habari hii tumeipata kwa Gilberte, dada mkubwa, na madada husifu. Lakini miaka 4 baadaye, mwaka 1640, kijana alichapisha karatasi juu ya mikato ya koni iliyowashangaza wanahesabu wa Paris. Hiyo haikuwa sifa ya dada.

Kabla ya hapo familia ilikuwa imepata msukosuko. Étienne alikuwa ameweka akiba yake katika hati za deni la serikali. Mwaka 1638 serikali, iliyokuwa vitani, ikapunguza malipo. Wenye hati walilalamika, na Kardinali Richelieu, aliyeshika nchi kwa niaba ya mfalme, akaamuru wakamatwe. Étienne alikimbia, akajificha mbali na watoto. Aliyemwokoa ni Jacqueline, binti mdogo wa miaka 13, aliyecheza tamthilia mbele ya Kardinali kisha akamwombea baba yake msamaha. Richelieu alisamehe, halafu akampa mzee kazi ya kupanga kodi za Normandie, akiwa na makao Rouen. Haikuwa zawadi tamu. Mwaka 1639 watu wa mkoa ule walikuwa wameasi kwa sababu ya kodi, na wanajeshi ndio walionyamazisha uasi.

Huko Rouen ndipo mashini ilipozaliwa. Étienne alikesha akijumlisha kodi za vijiji, mwanawe akimsaidia. Na fedha za Ufaransa za wakati ule zilikuwa adhabu: livre moja ilikuwa sol 20, na sol moja ilikuwa denier 12. Wazee wetu waliohesabu zaire, makuta na sengi angalau walikwenda kwa mia. Karani wa Rouen, akijumlisha ukurasa mmoja, alipaswa kubeba kwa 12, kisha kwa 20, kisha kwa 10.

Mwaka 1642 Blaise alianza kuunda sanduku la shaba lenye magurudumu. Unaingiza kijiti kati ya meno ya gurudumu, unalizungusha mpaka kizuizi, tarakimu inatokea dirishani. Kujumlisha tarakimu moja ni rahisi. Kazi ngumu ni kubeba. Gurudumu likipita 9 na kurudi 0, lazima linalofuata lisogee nafasi moja. Ukiyaunganisha kwa meno tu, siku utakapoongeza 1 juu ya 999,999 kidole kimoja kitalazimika kusukuma magurudumu yote kwa mpigo, na chombo kitakwama. Pascal aliweka kati ya kila magurudumu mawili mkono mdogo wenye uzito. Gurudumu linapozunguka, mkono unanyanyuka taratibu. Likipita 9, mkono unaanguka wenyewe na kusukuma jirani nafasi moja. Nguvu ya kubeba inatoka katika uzito, haitoki kidoleni. Mimi naona hilo ndilo wazo zuri kuliko yote aliyowahi kuwa nayo, ingawa waalimu wa falsafa hawatakubali.

Mkono ule ulikuwa na kasoro: magurudumu hayarudi nyuma. Kutoa kukahitaji ujanja. Chukua 85 utoe 27. Kwanza geuza 85 kwa kutafuta kinachokosa ili kila tarakimu ifike 9: unapata 14. Jumlisha 27, unapata 41. Geuza tena 41 kwa njia ileile: 58. Umetoa bila kutoa. Mwanafunzi yeyote anaweza kujaribu kwa kalamu, na ataona kwamba aliyetumia mashini ya Pascal alipaswa kuzielewa namba, kwa maana chombo hakikumfanyia kila kitu.

Alijaribu miundo kama 50 hivi, wengine wakitumia mbao, wengine pembe za ndovu, wengine shaba. Mafundi walimtesa. Mmoja wao, fundi wa saa wa Rouen, alisikia habari akatengeneza ya kwake, nzuri kwa nje, ndani haifanyi kazi. Pascal alikasirika kiasi cha kusimamisha kazi kwa muda. Mzazi aliyewahi kununua sokoni mashini yenye jina kubwa lisilo lake, ikafa baada ya wiki mbili, anaelewa hasira hiyo. Mwaka 1645 alikabidhi moja kwa Séguier, waziri mkuu wa sheria, na mwaka 1649 mfalme akampa hati kwamba hakuna mwingine ruhusa ya kuitengeneza. Mwaka 1652 akampelekea nyingine Malkia Christina wa Sweden.

Biashara haikushika. Mashini iliuzwa kama livre 100, bei ya watu wakubwa, na zilitengenezwa kama 20 tu. Makarani, waliokuwa na shida nayo kuliko wote, hawakuweza kuinunua. Hapa ndipo kanuni za mitihani zinaponigusa. Watu hubishana kama mashini inalegeza akili, na hilo ni swali la haki. Lakini katika chumba kimoja cha mtihani, mwenye mashini ya kisayansi na mwenye mashini ndogo ya dukani hawafanyi mtihani mmoja. Andika 2 + 3 × 4 katika mashini nyingi ndogo za wauzaji, zitakupa 20, kwa kuwa zinakwenda hatua kwa hatua. Ya kisayansi itatoa 14, jibu la darasani. Kambisti wa Nyawera hana neno na ya kwanza, kwa kazi yake inatosha. Mtoto wa humanités inamwangusha, na hakosi kwa kutojua hesabu, anakosa kwa sababu nyumbani hapakuwa na pesa. Kanuni inayosema tu kwamba mashini inaruhusiwa, bila kusema ya aina gani, inamsaidia aliyekwisha kusaidiwa.

Wala Pascal hakuunda mashini kwa sababu hakujua kuhesabu. Alijua mno. Alitaka kumpunguzia mzee wake kazi ya kuchosha. Aliyekuwa amenyimwa vitabu akiwa mtoto, na kujitafutia mwenyewe kwa makala, ndiye aliyekabidhi kazi ya kubeba kwa kipande cha shaba. Ukitaka kubishana na mwalimu anayekataza mashini katika madarasa ya chini na kuiruhusu juu, mfano wa Pascal hautakufaa sana.

Baada ya mashini alihamia kwenye hewa. Wakubwa wa elimu walishikilia kwamba utupu hauwezi kuwako duniani. Pascal alifikiri kwamba zebaki inasimama ndani ya mrija kwa sababu uzito wa hewa ya nje unaisukuma. Ikiwa ni hivyo, juu ya mlima, ambako hewa ni kidogo, zebaki itashuka. Yeye alikuwa mgonjwa na yuko mbali, akamwandikia shemeji yake, Florin Périer, mume wa Gilberte. Tarehe 19 Septemba 1648, Périer alipanda Puy de Dôme, volkano iliyozimika karibu na Clermont, akiacha mrija mwingine chini kwa ulinzi. Juu, zebaki ilikuwa imeshuka zaidi ya sentimita 8.

Kilele kile kina mita 1,465. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Kwa maneno mengine, kule walikopanda kwa jasho ili kuona hewa nyepesi, sisi ndiko tunakooga na kuvua sambaza. Ndiyo maana maji yanachemka hapa Bukavu kabla ya kufika digrii 100, na maharagi yanakula makala mengi kuliko yale ya pwani. Kipimo cha mgandamizo wa hewa leo kinaitwa paskali.

Étienne alifariki mwaka 1651, na Jacqueline akaingia utawani Port-Royal mwanzoni mwa 1652. Blaise alibaki peke yake, kichwa na tumbo vikimuuma karibu kila siku. Mwaka 1654 aliandikiana na Pierre de Fermat juu ya jambo la wacheza kamari: mchezo ukikatizwa, fedha zigawanywe vipi kwa haki? Humo ndimo ilimoota hesabu ya bahati nasibu. Mwaka huohuo aliandika juu ya ile pembetatu ya namba inayobeba jina lake katika madaftari ya wanafunzi, ingawa Wachina na Waajemi waliijua karne nyingi kabla yake. Na tukitafuta wa kwanza, tusisahau jirani: mfupa wa Ishango, uliochimbuliwa mwaka 1950 kando ya Ziwa Edward na Jean de Heinzelin, una mikato iliyopangwa kwa makundi miaka kama 20,000 iliyopita. Maana yake bado inabishaniwa.

Usiku wa tarehe 23 Novemba 1654 kitu kilimpata ambacho hakukisimulia kwa mtu. Aliandika mistari michache juu ya Mungu, akaishona ndani ya koti lake, na kila alipobadilisha koti aliishona upya. Mtumishi aliigundua baada ya kifo chake. Tangu usiku ule hesabu zilirudi nyuma. Mwaka 1656 na 1657 alitoa kwa siri, kwa jina la bandia, barua 18 za kuwashambulia Wajesuiti kwa kejeli kali. Kanisa lilizipiga marufuku. Waliojifunza pembetatu ya Pascal kwa mapadri wa Collège Alfajiri huenda wakashangaa kusikia hilo; mapadri, inaonekana, hawakuweka kinyongo.

Kazi yake ya mwisho mtu wa Bukavu angeitambua mara moja. Tarehe 18 Machi 1662, kwa mpango wake na rafiki yake Mtawala wa Roannez, magari ya farasi yalianza kutembea Paris kwa njia maalumu, kwa nauli moja ya sol 5, yawe yamejaa au matupu. Ni usafiri wa umma wa kwanza wa mji ule. Bunge la Paris likawakataza askari, watumishi na wafanyakazi wa mikono kupanda, na mradi ukafa kabla ya kufikisha miaka 20. Pascal mwenyewe alikuwa ametaka kuchukua mapema sehemu ya faida yake awapelekee maskini wa Blois.

Miezi michache baadaye, mtoto wa familia maskini aliyokuwa ameikaribisha nyumbani kwake aliugua ndui. Pascal hakumtoa mtoto. Alitoka yeye, akaenda kwa Gilberte. Huko alifariki tarehe 19 Agosti 1662, akiwa na miaka 39. Karatasi alizoacha zilichapishwa mwaka 1670 kwa jina la Pensées.

Mashini zake zisizofika 10 ndizo zilizobaki, nyingine katika makumbusho ya Paris na ya Clermont-Ferrand. Katika zile za kuhesabia fedha, magurudumu mawili ya upande wa kulia bado yana nafasi 20 na 12, kwa pesa ambayo Ufaransa yenyewe iliiacha wakati wa Mapinduzi.