Sechele: Chifu aliyewaacha wake wanne ili abatizwe

Kila tunapogusa suala la ndoa katika vipindi vyetu, simu huingia kwa wingi. Wapo wanaosema kanisa lisilegeze kamba hata kidogo. Wapo wanaosema kanisa liwapokee watu na familia zao kama lilivyozikuta. Leo tunawaletea historia ya mtu aliyekutana na swali hilo zaidi ya miaka 170 iliyopita. Huyu ni Sechele, chifu wa kabila la Bakwena, katika nchi ambayo sasa ni Botswana.

Utoto wa uhamishoni

Sechele alizaliwa mwaka 1812 hivi. Akiwa bado mtoto, baba yake, chifu Motswasele, aliuawa na watu wake mwenyewe, na kabila likagawanyika. Kijana huyo alikulia mbali na kiti cha baba yake, hadi aliporudishwa madarakani katika miaka ya 1830 na kuanza kuwaunganisha watu wake upya.

Hapo ndipo ndoa zake zilipoanzia. Baadhi ya wake zake walikuwa mabinti wa wakuu wa chini yake, jamaa waliosimama naye wakati wa shida. Kwa Bakwena, kuoa binti wa mkuu kulikuwa ni kufunga agano na ukoo wake. Kwa hiyo wake watano wa Sechele walikuwa pia nguzo za utawala wake.

Chifu anayesoma

Katikati ya miaka ya 1840 alifika kwake mmisionari kutoka Scotland, David Livingstone, yule yule ambaye wengi wetu tunamkumbuka kwa habari za Ujiji. Sechele alijifunza herufi kwa kasi ya ajabu. Muda si mrefu akawa anasoma Maandiko kwa lugha ya Kitswana, na alikipenda zaidi kitabu cha nabii Isaya. Livingstone aliandika kwamba chifu alinenepa, maana alikaa kitako kusoma badala ya kwenda kuwinda.

Alitamani watu wake nao waamini, hata akajitolea kuwachapa viboko vya ngozi ya kifaru ili waongoke. Mmisionari alikataa njia hiyo. Hata hivyo, kwa Sechele mwenyewe kulikuwa na kizuizi kimoja kikubwa: wake watano.

Siku ya ubatizo

Livingstone hakumharakisha. Chifu alikaa zaidi ya miaka miwili akilipima jambo hilo. Aliona wazi kwamba kuwarudisha wale mabinti kwao ni kuwakosea fadhila baba zao. Mwishowe aliamua. Alibaki na mke mmoja, mama wa mtoto wake Sebele. Wengine wanne aliwapa nguo mpya na mali zake walizokuwa wakimtunzia nyumbani mwao, akawarudisha kwa wazazi. Aliwatumia pia ujumbe kwamba hakuwa na lawama yoyote juu yao.

Tarehe 1 Oktoba 1848 alibatizwa huko Kolobeng. Wazee kadhaa walilia machozi wakimtazama, wakidhani kiongozi wao amerogwa. Miaka hiyo mvua ziligoma, na Sechele, aliyekuwa mganga wa mvua mashuhuri, alikuwa ameiacha kazi hiyo. Wengi waliunganisha mambo hayo mawili.

Livingstone mwenyewe alikiri kwamba baadhi ya wanawake walioachwa walikuwa wanafunzi wake bora kabisa, ilhali yule aliyebaki ndiye aliyeonekana kuwa mbali zaidi na dini mpya. Kabla ya siku hiyo hakuna aliyewachukia wamisionari. Baada yake, ndugu wote wa wake walioachwa wakawa wapinzani wa Ukristo.

Miezi michache baadaye ikajulikana kwamba mmoja wa wale walioachwa ana mimba ya Sechele. Chifu alikiri na kuomba msamaha, lakini Livingstone akamsimamisha kushiriki meza ya Bwana. Baadaye mmisionari akaelekea kaskazini kwenye safari zake. Wengi Ulaya wakamhesabu Sechele kuwa Mkristo aliyeshindwa.

Baada ya Livingstone

Yeye hakujihesabu hivyo. Mwaka 1852 Makaburu walishambulia Bakwena huko Dimawe na kuchukua mamia ya wanawake na watoto. Sechele alifunga safari kwenda kumlalamikia Malkia Victoria. Alifika Cape Town, fedha zikamwishia, akarudi. Nyumbani aliongoza ibada mwenyewe, akafundisha watu kusoma, akaalika wamisionari wengine. Wakati huo huo hakuziacha kabisa mila za mvua. Alifariki mwaka 1892. Miaka mitatu baadaye mwanawe Sebele alikwenda Uingereza pamoja na Khama na Bathoen kutetea ardhi yao isitiwe mikononi mwa kampuni ya Cecil Rhodes.

Swali lililofika hadi Kenya

Livingstone hakuwa Mwanglikana, lakini swali lake liliwakuta wote. Mwaka 1888 maaskofu wa Anglikana, katika mkutano wao wa Lambeth, waliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Ilipita miaka 100 kamili. Mwaka 1988 mkutano huo huo, kwa hoja iliyotoka Kanisa la Kenya, ambako Askofu David Gitari alikuwa mstari wa mbele, ulikubali abatizwe pamoja na wake zake na watoto wake iwapo jumuiya ya waumini wa mahali hapo inaridhia. Sharti lilikuwa asioe tena. Asilazimishwe kuwaacha wake zake, kwa sababu ya hali ngumu ambayo ingewapata. Fundisho kwamba ndoa ya Kikristo ni ya mke mmoja lilibaki pale pale.

Tunapozungumzia msimamo wa kanisa kuhusu ndoa, mara nyingi tunamtazama anayeingia kanisani. Historia ya Sechele inatukumbusha kuuliza pia habari za wale wanne waliotoka nyumbani kwake na nguo mpya mikononi, na kanisa walilokuwa wakijifunza neno lake likawa ndilo lililowafungia mlango.