Sørensen: Mwanakemia Aliyeupatia Uchachu Mizani

Ulimi hutambua uchachu wa ndimu na uchungu wa magadi, lakini hauwezi kuitaja tofauti hiyo kwa tarakimu. Aidha, si kila kitu huonjwa, kwani tindikali ya betri huunguza. Leo tunamzungumzia mtu aliyelitoa jambo hili katika makisio akalitia katika mizani, naye ni Søren Sørensen wa Denmark.

Alizaliwa tarehe 9 Januari 1868 katika kijiji cha Havrebjerg, akiwa mtoto wa mkulima. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Copenhagen akikusudia kuwa tabibu, lakini mwalimu wake, Jørgensen, akamvuta kwenye kemia. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1899, na kuanzia 1901 hadi 1938 aliongoza idara ya kemia katika maabara ya Carlsberg. Mkewe, Margrethe, alishirikiana naye katika utafiti.

Huenda msomaji akashtuka, kwa kuwa maabara hiyo ilianzishwa mwaka 1875 na mwenye kiwanda cha bia. Hukumu ya kinywaji hicho haina haja ya kurejewa hapa. Tunalotaka lizingatiwe ni kwamba mwanzilishi huyo aliweka sharti kuwa matokeo yenye manufaa yasifichwe, na kwa sharti hilo elimu ikavuka kuta za kiwanda.

Sørensen alichunguza vimeng'enya, ambavyo utendaji wake hutegemea wingi wa ioni za haidrojeni. Tatizo lilikuwa hesabu zake: katika maji safi, wingi huo ni sehemu moja tu kati ya milioni kumi ya moli kwa lita. Mwaka 1909 alipendekeza njia nyepesi. Kwa kuwa milioni kumi ina sifuri 7, maji safi yakapewa namba 7, na kipimo kikaitwa pH. Chini ya 7 ni tindikali. Juu yake ni alkali, neno lililotokana na Kiarabu, likihusu majivu ya mimea. Kila hatua moja ni mara kumi, hivyo chenye pH 5 kina ioni hizo mara mia kuliko chenye 7. Maji ya ndimu hukaribia 2.

Faida yake ni kubwa. Damu ya mtu mzima wa afya huwa baina ya 7.35 na 7.45, na ikitoka humo tabibu hujua pana hatari. Mkulima naye hupima udongo kabla ya kununua chokaa, asije akapoteza mali yake bure.

Sørensen alifariki tarehe 12 Februari 1939. Kwa hakika, elimu haipimwi kwa mlango iliyopitia, bali kwa ukweli wake na manufaa yake. Na anayeijua kisha akaificha, huwadhulumu wagonjwa na wakulima asiowafahamu hata kwa majina.